Moshi wa Jirani

Kila alfajiri ya utoto wangu, kabla sijasukutua na kabla umande haujakauka juu ya majani ya karanga, bibi yangu mzaa mama alinituma kazi moja isiyobadilika kwa masika wala kwa kiangazi. "Nenda katazame moshi," husema, wala hana haja ya kutaja moshi wa nani. Nami hujifunga shuka, nikapita chini ya miembe mpaka kwenye kichuguu ambapo nyumba ya ajuza jirani yetu huonekana bila kizuizi, nikasimama nikilikazia macho paa lake la udongo hata uzi wa kwanza wa moshi upenye ukingoni na kupanda. Hapo hurudi mbio nikasema, "Umetoka," na bibi huitikia, "Alhamdulillahi," akaendelea kufagia. Siku ambayo moshi ulichelewa huuacha ufagio palepale, akajitanda kanga ya pili, akaenda mwenyewe kubisha hodi.

Nimeyakumbuka hayo kwa kuwa sasa nami nimepita miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliuweka kuwa mlango wa uzee, na mtu akishavuka mlango huo huanza kupiga hesabu zake za nyuma: nani alinibeba, nami nilimwangusha nani. Hesabu yangu ina mafungu mawili, na yote mawili yamo katika nyumba ile ya jirani. Fungu la kwanza ni la bibi yangu, nalo ni la hisani. Fungu la pili ni langu, nalo ni la aibu. Nitayaeleza yote mawili kwa utaratibu yalivyotokea, kwani nimeona kwamba somo la aibu, likisimuliwa bila kupakwa mafuta, hufaa watu kuliko somo la sifa.

Kwihara ni mahali palipozoea kupitwa na watu. Njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipumzika hapa Unyanyembe, maili chache kutoka mji wa Tabora. Miembe tunayokaa kivulini mwake ni ukumbusho wa wapitaji hao, na tembe moja la kuta nene, ambalo wageni huja kulipiga picha, ni ukumbusho wa mpitaji mmoja, David Livingstone, ambaye nitamrudia. Sisi wenyeji hatukulijali sana tembe lile. Kwetu lilikuwa alama ya kuelekezea njia. Nyumba ya jirani yetu nayo ilikuwa ya namna hiyo ya kale, paa bapa, mlango mmoja, na dirisha hata moja hapana. Humo alipika, akala, akalala, yeye na kuku wake wanne. Mumewe alikuwa amekwisha zikwa. Mwanawe pekee aliyejaaliwa kukua alikwenda kukata mkonge upande wa Tanga, kama walivyokwenda Wanyamwezi wengi wa zamani zile, wala hakurudi, wala hakuleta barua. Mimi sikuwa mjukuu wake wa damu, lakini aliniita "mume wangu" kwa utani wa mabibi wote, na kila nilipompelekea kuni alinidai mahari.

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha matanga. Nasi watoto hatukuliona hilo kuwa ajabu, kwa maana macho ya wanawake wengi wa makamo yake yalikuwa hivyo hivyo. Miaka 50 ya kupuliza kuni mbichi katika chumba kisicho na tundu haimwachi mtu na weupe wa jicho. Lakini mwaka 1974 uliingia na mambo mawili kwa pamoja. Mvua zilikuwa zimekosa, tukawa tunakula unga wa mahindi ya njano ya msaada, unga ambao wazee waliula kwa kununa. Na amri ya kuhamia vijijini ilileta karibu yetu watu wa vitongoji vya mbali, ambao hawakujua ajuza yule alikuwa mke wa nani wala alizika wangapi. Wao walimwona alivyo tu: mwanamke mkongwe, peke yake, macho yakiwaka.

Surua ikapita katika nyumba zao, ikachukua watoto watatu katika mwezi mmoja. Baba wa mmoja wao alikwenda kwa mpiga ramli, na ramli, kama ilivyo ada yake, haikutaja jina. Ilisema tu kwamba mbaya wao ni mwanamke, hana mume wala mtoto, naye yuko upande wa machweo. Ramli haihitaji kutaja jina pale ambapo umaskini umekwisha kulichagua. Kwa siku kadhaa salamu za kisimani zilipungua; wanawake walipomwona anakuja walijitwisha ndoo zao nusu, wakaondoka. Kisha asubuhi moja nilipokwenda kutazama moshi nikaukuta umetoka, lakini mwenyewe amesimama mlangoni ameshika kipande cha karatasi ya daftari kilichosukumwa chini ya mlango usiku.

"Mume wangu," akaniambia, "wewe unakwenda shule. Nisomee."

Nikasoma. Maneno yalikuwa machache, yameandikwa kwa kalamu ya risasi: ahame kabla mwezi haujaandama, la sivyo atahamishwa. Nilikuwa na miaka 12, nami niliyasoma yote, kwa sauti, pasipo kuruka hata moja, kwa kuwa nilikuwa bado sijajifunza kuruka.

Bibi yangu alipopata habari hakulia wala hakuapiza. Alifanya mambo manne, na kila nikiyapanga upya kichwani huona kuwa hakuna baraza lililopata kuketi baadaye likayazidi. La kwanza, siku ile ile alikunja mkeka wake, akaubeba kichwani mchana kweupe, akapita nao kisimani ambako watu walikuwa wengi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye anakwenda kulala kwa jirani yake mpaka mwezi uandame na ufe, na anayemtaka mmoja atawakuta wawili. La pili, aliipeleka karatasi ile kwa balozi wa nyumba kumi, akataka isomwe mbele ya watu, ili aliyeandika gizani aisikie nuruni. Ikasomwa, na hakuna aliyeimiliki. La tatu, alimchukua mwenzake kwa miguu mpaka zahanati, ambako mganga aliyafunua macho yale, akasema ni vikope pamoja na moshi wa miaka mingi, akampa dawa ya manjano ya kupaka. Habari hiyo bibi aliitangaza nyumba kwa nyumba kana kwamba ni habari ya harusi. La nne, alimlazimisha babu yangu, ambaye alikuwa mvivu wa kazi za udongo, kutoboa ukuta wa jiko la jirani tundu la upana wa sinia. Nikawa natazama moshi ukitokea dirishani badala ya ukingoni mwa paa.

Mwezi uliandama, ukafa, wala hakuna aliyekuja. Sisemi kwamba waliokusudia shari walitubu. Nasema waliona kuwa mtu wanayemwendea anahesabiwa. Jambo hili nililifahamu vizuri zaidi nilipokuwa mtu mzima, nikawa nasoma na kusikia juu ya vikongwe waliouawa katika mikoa yetu hii ya magharibi na ya ziwa, Shinyanga na Mwanza na hapa kwetu Tabora, wengi wao wanawake wajane wenye macho kama yale. Mtaalamu mmoja wa uchumi kutoka Marekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, na katika maandishi aliyochapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba katika miaka ya mvua zilizopita mpaka, ama kwa ukame ama kwa gharika, mauaji ya walioitwa wachawi yalifika maradufu ya miaka mingine, hali mauaji ya sababu nyingine hayakuongezeka. Na kwamba waliouawa aghalabu ni wanawake wazee, na waliowaua aghalabu ni jamaa zao wenyewe. Niliposoma hayo niliukumbuka unga wa njano. Njaa ikiingia nyumbani hutafuta mdomo wa kupunguza, na ulimi wa ramli huipa jina la haki.

Nilisikia pia kwamba katika wilaya ya Magu wenyeji walioungana katika shirika lao la MAPERECE, wakisaidiwa na shirika la HelpAge, walifundisha watu kujenga majiko yasiyojaza moshi ndani, ili macho ya akina mama yapone na ushahidi wa uongo ukose pa kusimama. Nilicheka peke yangu, kicheko cha heshima, nikikumbuka tundu la upana wa sinia. Kuhusu sheria, tunayo Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa Waingereza tangu 1928, ambayo kwa kuutaja uchawi kuwa kosa huwaacha wengi wakidhani serikali nayo inausadiki. Na mwezi wa Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Marufuku ni jambo jema. Lakini mpiga ramli hufanya kazi ya kusema tu; kazi ya kusadiki huifanya jirani, na kwake huyo askari hafiki kila alfajiri.

Sasa nije kwenye fungu langu.

Mwaka 1981 nilikuwa kijana wa sekondari niliyerudi nyumbani likizo, mwenye suruali ya kupigwa pasi na mwandiko ambao walimu waliusifu. Ilikuwa miaka ya dhiki baada ya vita vya Kagera. Sukari na sabuni zilikuwa zimegeuka kuwa habari za kuhadithiana. Siku moja alikuja kwa jirani yetu kijana wa kaka yake, mtu wa makamo ya baba yangu mdogo, ambaye hatukumwona kwa miaka mingi. Alikuja na kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, na kanga mpya. Alimwamkia shangazi yake kwa kupiga magoti yote mawili juu ya udongo, "Shikamoo shangazi," kwa sauti iliyolainika, hata bibi yangu, ambaye si mwepesi wa kusifu, akasema kijana huyu ana adabu. Tangu siku ile nimeiogopa adabu isiyo na historia. Sisemi tuache kuwaamkia wazee. Nasema kwamba shikamoo ni mlango, na mwizi naye hupitia mlangoni.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu, na kisanduku cha wino wa muhuri. "Bwana mwanafunzi," akasema, "msomee shangazi, kisha utie sahihi kama shahidi. Lakini mfupishie, mtu mzima huchoka." Akanitia mkononi noti ya shilingi 20. Nikaipitia karatasi kwa macho. Naweza kuiona hata leo: mstari wa nne kutoka juu ulikuwa na neno "nimeuza," na chini yake "kwa hiari yangu na akili zangu timamu," kisha ikatajwa nyumba, na miembe saba. Niliona, nikaelewa, na moyo ukanigonga. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, nami mtoto. Alikuwa ndugu wa damu, nami jirani. Noti ilikuwa tayari mfukoni. Na kubwa kuliko yote, niliona haya kuuliza. Haya hiyo niliyofundishwa kuwa ni tabia njema, siku ile ilifanya kazi ya dhuluma.

"Bibi," nikamwambia, "ni karatasi ya kuonyesha kwamba huyu ndiye mwangalizi wako."

Ajuza yule akanitazama kwa yale macho yake, ambayo dawa ya manjano ilikuwa imeyatuliza lakini haikuyasafisha, akasema, "Mume wangu amesoma, basi mimi nimesoma." Akatoa dole gumba. Ngozi yake ilikuwa imesuguliwa na mpini wa jembe hata mistari ya kidole ikafutika, na alama iliyobaki juu ya karatasi ilikuwa doa jeusi tu, lisilo na sura. Chini ya doa lile niliandika jina langu kwa mwandiko mzuri.

Nilirudi shuleni. Yaliyotokea niliyapata kwa barua ya mjomba wangu: kwamba amekuja mtu na karatasi, amenunua miembe na nyumba kwa halali, na kwamba kijana wa kaka yake hajulikani alipo. Baraza la kijiji lilikaa, wakaitazama karatasi, wakaona dole, wakaona na sahihi ya shahidi mwenye elimu, jirani wa mwenye mali, asiye na masilahi; wakasikitika, wakatawanyika. Sahihi yangu ndiyo iliyofunga mlango. Bibi yangu hakusema neno. Alikunja mkeka, safari hii mkeka wa mwenzake, akauleta nyumbani kwetu, na tangu hapo wakongwe wale wawili walipika katika jiko moja.

Niliporudi mwezi wa Desemba sikuweza kumtazama usoni. Nilipita nyuma ya nyumba kwa siku nne. Siku ya tano aliniita kibarazani, akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, ile nakala aliyoachiwa, akaninyooshea.

"Nisomee tena," akasema. "Safari hii polepole."

Nikasoma polepole. Nikalisoma neno "nimeuza," nikaisoma "hiari," nikaisoma miembe yake saba, ambayo upepo wake ulikuwa unatufikia pale tulipokaa. Nikalisoma jina langu mwenyewe. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mwisho wa mstari, kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe kutoka mkonge. Nilipomaliza akaichukua, akaikunja kama ilivyokuwa, akasema, "Basi ndivyo ilivyoandikwa. Nilikuwa nataka kujua tu." Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine hadi alipofariki. Wala hakuniita tena "mume wangu." Aliniita kwa jina langu.

Katika miaka ya baadaye, nilipokuwa nikiwapeleka wageni kwenye lile tembe, nilikuja kutambua kwamba habari ya mkaaji wa nyumba ile maarufu haikuwa mbali sana na habari ya jirani yetu asiyejulikana. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871, mgonjwa, meno mengi yamemtoka kwa kutafuna mahindi magumu, alikuta bidhaa zake zote alizoletewa kutoka pwani zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Na kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe, mtu huyo alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Msahafu, akaona bwana yule amekwisha kufa. Ramli na mali ya mkongwe, mambo yale yale mawili, miaka mia na ushei kabla ya yetu! Mwandishi wa habari Stanley alimkuta, akaja naye mpaka Kwihara, akaondoka tarehe 14 Machi 1872. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, peke yake katika tembe lile na wafuasi wake wachache, akingojea wapagazi kutoka pwani hata mwezi wa Agosti.

Watu husimulia habari hiyo kwa ajili ya Mzungu. Mimi huisimulia kwa ajili ya wafuasi wake, Susi na Chuma na wenzao. Njia ya misafara ilikuwa na desturi moja ngumu, kwamba asiyeweza kuchukua mzigo huachwa; wangapi waliachwa chini ya miti ya miombo, wapagazi na watumwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873, watu wale hawakumwacha. Walimkausha, wakamfunga, wakamchukua kwa mabega zaidi ya maili elfu moja kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walipita hapa hapa Kwihara, wakamkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wamzike papa hapa wapumzike na taabu. Wakakataa, wakajitwisha tena, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Hawakuwa na sera wala posho ya kuwatosha. Walikuwa na ahadi, nao waliigawana: leo mabega ya huyu, kesho ya yule. Mtu mmoja asingeweza.

Hapo ndipo penye kiini cha nitakalo kusema. Tuna methali kwamba penye wazee haliharibiki neno, nami naisadiki; lakini sijasikia methali ituambiayo nani atazuia wazee wenyewe wasiharibike, kana kwamba wahenga walidhani jibu liko wazi. Halikuwa wazi kwangu mwaka 1981. Sisi ni watu wa taadhima kwa maneno. Twawainukia wazee, twawapisha kiti, twawaamkia. Taadhima hiyo ni nguo, na nguo haimlishi aliyeivaa. Bibi yangu hakuwahi kumwita jirani yake kwa jina la fahari. Alimhesabu kila asubuhi. Ukimhesabu mtu kila asubuhi, utajua siku ambayo hakula, siku ambayo amekuja mgeni na sukari, siku ambayo karatasi imepita chini ya mlango.

Serikali na mashirika yana sehemu yao, wala si ndogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wenye miaka 60 na kuendelea zaidi ya milioni 2 na nusu. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au alilima tu, na mzee mwenye chake mfukoni husikilizwa hata na mjukuu mkaidi. Wasio na mtu kabisa wana makazi yao ya Ipuli pale Tabora. Kila tarehe 15 Juni na kila tarehe 1 Oktoba hutolewa hotuba za kuwatetea wazee. Hata sungusungu, walinzi wa vijiji waliozaliwa katika nchi hii yetu ya Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuilinda mifugo, walithibitisha kwamba kijiji kikitaka kukesha hukesha. Ingawa katika baadhi ya vijiji ulinzi huo huo uliwageukia wanawake wakongwe, na hapo tukajifunza kwamba kukesha bila insafu ni hatari kuliko kulala.

Nami kwa upande wangu, kwa kuwa kalamu ndiyo iliyonikosesha, nimejitwika kazi ya kalamu. Karatasi yoyote inayotaka dole la mzee katika kitongoji chetu husomwa mara mbili, mwanzo hadi mwisho, na wasomaji wawili tofauti, mmoja wao asiwe ameletwa na yule atakayefaidika. Kisha mzee huulizwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, na akishindwa kueleza, wino haufunguliwi siku hiyo. Watu wenye haraka hunilaumu. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa hasira kama ninamshuku mtoto wa damu kwa mama yake. Nilimjibu kwamba simshuku yeye. Ninamshuku msomaji, kwani namfahamu.

Jambo moja limenishinda, nalo ni moshi. Siku hizi wengi hupikia mkaa, na vijana walio mjini huwaletea mama zao majiko ya gesi, na hilo ni jema kwa macho na kwa mapafu. Lakini kichuguu changu hakina kazi tena. Nyumba ya mzee inaweza kuwa baridi siku tatu, na kwa nje isionyeshe tofauti. Kwa hiyo tumegawana milango: watoto watano wa jirani, kila mmoja na nyumba zake mbili, hupita kabla ya kwenda shule, wakabisha. Masharti ni mawili tu. Mtoto asiondoke mpaka asikie sauti, na sauti ikiwa si ya mwenye nyumba aje aseme.

Mwanzoni mwa mwaka huu, asubuhi moja nilikuwa bado kitandani, magoti yananiuma kwa baridi ya mvua, nikasikia hodi mlangoni pangu. Sikuwa nimejiandikisha katika orodha ya wazee. Orodha niliiandika mimi. Nikanyamaza nikidhani amekosea nyumba. Ikaja hodi ya pili, na ya tatu, kisha sauti ya msichana mdogo ikasema nje, kwa ukali wa mtu aliyetumwa, "Babu, sema, nichelewe shule?"

"Karibu," nikasema.

Nikamsikia akikimbia.